Fundi Aliyeuosha Ukuta Wake

Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi. Korogwe kulikucha na manyunyu, yale yasiyojaza ndoo wala yasiyoacha nguo zikauke, na milima ya Usambara haikuonekana kabisa, wingu lilikuwa limeshuka mpaka chini. Nilikuwa natoa masufuria nje kukinga matone ya paa, maana mazoea ya Handeni hayajanitoka hata baada ya miaka yote hii ya bomba, simu ikaita. Alikuwa dada yangu wa Sindeni, kijijini kwetu kule Handeni. Hakusalimia. Alisema Fundi ametutoka, amemaliza swala ya alfajiri, akajilaza kidogo, hakuamka tena. Nikauliza fundi yupi, kisha nikaona aibu, kwa sababu kwetu mafundi ni wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, ni mmoja tu.

Mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba sitaji majina ya watu, na yeye sitamtaja. Alikuwa fundi mwashi, mfupi, mabega mapana, na kofia yake ya kufuma ilikuwa imegeuka rangi ya saruji kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka ilinunuliwa ikiwa rangi gani. Sikuwa ndugu yake. Alikuwa rafiki wa marehemu kaka yangu, na mimi nilimfahamu kwa njia hiyo, ya kuwaandalia chai na kusikiliza maongezi yao huku napeta mchele. Niliishia darasa la saba, ujenzi siujui, na kumbukumbu yangu siku hizi naishuku. Kwa hiyo haya yapimeni. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema. Yeye aliniita Mama Gazeti, na kila tulipokutana aliuliza kama bado napewa chakula kwa kuwasema watu.

Nianze na kioo. Nilipokuwa msichana, kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, palikuwa na ufa umetoka kona ya dirisha ukipanda kuelekea darini. Fundi wakati huo alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka kujifunza kazi kwenye mashamba ya mkonge huku Korogwe. Mama alimwita auzibe. Hakuuziba. Aliomba kioo kilichovunjika, akakata kipande chembamba kama kidole, akakilaza juu ya ufa na kukishikiza kwa saruji ncha hii na ncha ile, akanawa mikono akaondoka. Mama alilalamika kwa majirani kwamba ameita fundi, ameletewa pambo. Alipoulizwa, Fundi alieleza kwamba ufa ukizibwa unanyamaza tu, haujapona. Kioo hakijui kupinda, kwa hiyo ukuta ukisogea hata kidogo kitakatika, na kikikatika wahame chumba wamwite.

Basi kile ndicho kikawa kioo changu. Nilichania nywele pale, nikijiona kipande kipande, jicho kwanza, halafu sikio. Asubuhi moja nikaona uso wangu una mstari katikati, nikamwita mama. Hatukulala tena chumba kile, na masika yale ukuta uliangukia nje, mchana, ukaponda banda la kuku wakati kuku wenyewe wanazurura. Baada ya hapo vipande vya kioo vilienea kwenye nyumba zetu. Ukiingia kwa mtu ukakuta kimoja ukutani, hukuuliza. Ulijua Fundi amepita, na kwamba mwenye nyumba anaishi na jambo lake analitazama.

Sasa tangi. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya saruji ya kibali, ambapo mfuko mmoja uliusubiri kama unavyosubiri mgonjwa atoke hospitali. Maji kwetu yalikuwa ya lambo, na lambo lilikuwa mbali, na ukifika unagawana na ng'ombe wa majirani zetu wafugaji. Kijiji kikaamua kujenga tangi kubwa la zege pembeni ya shule, likinge maji ya mvua kutoka kwenye bati la madarasa. Fundi ndiye aliyelisimamia. Tulikwenda kwa msaragambo: wanaume waliponda kokoto, sisi wanawake tulibeba mchanga kutoka kwenye mto mkavu kwa karai, tukiimba, na aliyechelewa alitungiwa wimbo wake palepale. Mimi nilitungiwa mmoja, siuandiki hapa. Mvua ya kwanza iliponyesha tulitoka wote, tukaweka masikio ukutani tukisikiliza maji yakidondoka ndani ya lile tumbo tupu. Bibi mmoja alilibusu tangi. Sijui kama niliwahi tena kuona watu wazima wakiwa na furaha ya namna ile kwa ajili ya ukuta.

Tangi lilitulea. Watoto walijifunza kutembea wakilishika. Lakini miaka ilikwenda, na miaka michache iliyopita zikaonekana nyufa, nyingine nyembamba kama unywele, nyingine zikitoa jasho. Palepale chini yake ndipo watoto wa shule hukaa foleni na ndoo zao, kwenye kivuli. Habari ikaja kwamba atafika mhandisi kukagua matangi yote ya zamani ya upande ule, naye atakuja na simu inayosoma nyufa kwa picha. Tangi likionekana zima litabaki. Likionekana bovu litamwagwa maji na kubomolewa, na jingine litakuja pale litakapokuja. Neno hilo la mwisho kila mtu alilielewa. Maana yake ilikuwa lambo.

Hapa lazima niwe mwadilifu kwa watu wa kwetu. Sisi mgeni hatumpokei na ukuta mchafu. Akija mgeni mkubwa tunapaka chokaa mawe ya njiani, mashina ya miti, hata kizingiti cha choo. Kwa hiyo kina mama walipochanganya chokaa na majivu wakaziba zile nyufa kwa viganja, wakasawazisha, wakapaka tangi lote likawa jeupe kama kanzu ya Idi, hawakuona kama wanadanganya. Dada yangu ndiye aliyewaongoza. Walikuwa wanalinda maji, na zaidi ya maji walikuwa wanamlinda Fundi, mzee wa watu, asije akasomewa ubovu wa kazi yake mbele ya wajukuu. Yeye mwenyewe hakuwapo, alikuwa Mombo kwenye kazi, akarudi asubuhi ya ukaguzi. Mimi nilikuwa nimefika kumsalimia dada, na nilimwona Fundi akilitazama tangi kutoka barabarani, mkoba wa vifaa begani. Alilitazama muda mrefu. Halafu akaja akaketi, akapokea chai. Mimi niliona pazuri tu.

Mhandisi alikuwa binti mdogo, mwenye hijabu na viatu vya kazi vizito, na alisalimia shikamoo kila mzee bila kuruka hata mmoja, jambo lililompa nusu ya kijiji kabla hajafungua begi. Alituonyesha anavyofanya. Anaweka rula ndogo ukutani, anapiga picha, picha inakwenda, baada ya muda inarudi imechorwa mistari juu ya kila ufa: kijani ni wa juujuu, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni wa hatari. Alisema ndani yake mna akili mnemba, ambayo imeonyeshwa picha za nyufa nyingi mno mpaka imejifunza kutofautisha. Kwa kuwa mtandao wetu ni wa kubahatisha, alipanda juu ya kichuguu kutuma picha, na watoto wakapanda nyuma yake. Kabla ya kuanza aliuliza kama tangi limepakwa kitu karibuni, maana simu inahitaji ukuta mtupu. Mwenyekiti wetu akajibu kwamba hilo tunalipaka kila mwaka. Hakusema uongo. Hakusema pia kwamba chokaa ya mwaka ule ilikuwa bado haijakauka vizuri upande wa kivuli.

Fundi akavua kandambili, akanyoosha mguu. "Na hiki je, mwanangu?" Kisigino chake kilikuwa na magaga ya maisha mazima. Binti akacheka, akaweka rula, akapiga, akapanda kichuguu. Picha iliporudi, kisigino kilikuwa chekundu kutoka juu hadi chini.

"Fundi, wewe ubomolewe leo leo," akasema mzee mwenzake.

"Ngojeni kwanza nimalize chai."

Tulicheka mpaka mwenyekiti akafuta macho. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotulegeza, kwa sababu binti alipoanza kulizunguka tangi sikuona tena mtu mwenye wasiwasi. Alipiga picha pande zote. Mara moja simu ilichora mstari mwekundu mrefu, tukashtuka, kumbe ni njia ya mchwa iliyopanda juu ya chokaa. Binti aliikwangua kwa kucha, akapiga upya. Mwishowe akateremka kichuguu na kusema kwamba inaonyesha kijani, na njano mahali pachache, tangi linaweza kubaki. Kina mama wakaangaliana. Mmoja akaanza kigelegele cha chini, cha mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Sufuria ya pilau ilikuwa jikoni.

Fundi aliweka kikombe chini. Akauliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Mwanangu, hiyo simu yako imeona ukuta au imeona chokaa?"

Binti akajibu, "Inaona picha, mzee. Kilichomo kwenye picha ndicho inachosoma. Ndiyo maana niliuliza asubuhi."

Fundi akainuka, akafungua mkoba, akatoa brashi ya waya, akachota maji kwenye bomba la tangi lenyewe. Mwenyekiti akamfuata haraka, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Kaa, Fundi. Hili tumelifanya kwa ajili yako."

"Najua. Mungu awalipe," akasema, na akaanza kusugua.

Alisugua upande ule wa kivuli, chini, karibu na mahali watoto wanapokaa. Chokaa ilitoka kama maziwa, halafu majivu, halafu ikatokea saruji ya zamani, na juu yake ufa umelala, umezunguka tumbo la tangi, na kutoka ndani yake kutu imechuruzika kama machozi ya chai. Alikuwa mzee na pumzi ilimwishia mapema, akaegemea ukuta kwa kiganja, bado ametugeuzia mgongo. "Hili ni langu," akasema. "Saruji haikutosha, nikasema itatosha." Akapumua tena. "Nilijua siku ile ile. Nyie mlikuwa mnaimba."

Nimeandika safu hii miaka mingi na sijawahi kusikia mtu akisema neno zito kwa sauti nyepesi namna ile. Nisiwe mkali kwake kuliko alivyokuwa mwenyewe: saruji ilikuwa haipatikani, watu walikuwa wamebeba mchanga kwa vichwa vyao, na masika yalikuwa mlangoni. Angewaambia warudi nyumbani wasubiri kibali kingine? Labda mimi ningefanya kama yeye. Lakini yeye hakuutoa utetezi huo, na mimi sina haki ya kumtolea. Aliendelea kusugua. Aliyekuja kusimama karibu yake wa kwanza alikuwa dada yangu, yule yule aliyepaka. Alikunja khanga kiunoni, akaokota gunzi la muhindi, akaanza kusugua upande wake, uso umekunjamana kwa hasira au kwa kulia, mpaka leo hajaniambia.

Picha za mara ya pili hazikuhitaji maelezo. Binti alishuka kichuguu taratibu, akamwonyesha Fundi kwanza, peke yake, na niliupenda uungwana huo. Kisha akatuambia tangi limwagwe siku hiyo hiyo na watoto wasikae tena pale. Fundi ndiye aliyefungua koki. Tulileta kila chombo, ndoo, mapipa, sufuria za harusi, hata ile ya pilau ilioshwa ikajazwa. Kilichobaki kilikimbilia shambani kwa mwalimu, na ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wanapita wakanywa mpaka wakalala. Wao peke yao ndio walioifurahia siku ile.

Baada ya hapo kina mama walirudi lambo, na lambo halijasogea karibu. Kuna waliomlaumu, na sikubali kuandika kwamba walikosea, kwa sababu shingo zilizokuwa zinauma zilikuwa zao. Dada alinisimulia kwamba mama mmoja alimwambia dukani, mbele za watu, "Fundi, umetukausha." Yeye akajibu, "Ndiyo, mama. Ndoo zako ziko wapi?" Na akazifunga kwenye baiskeli. Alikwenda lambo kiangazi kile chote, akirudi anaisukuma, si kwa watu wote, magoti yasingemruhusu, bali kwa wajane na waliojifungua. Mwenyekiti alimwambia aache, anajiadhibu. Alisema hajiadhibu, anafanya mazoezi aliyoandikiwa na daktari.

Tangi lilipobomolewa nondo zilionekana zimeliwa na kutu, nyingine zimebaki nyembamba kama uzi wa katani. Wapo waliosema lisingemaliza masika yale. Wapo waliosema lingekaa miaka, mbona lilikaa yote hiyo. Mimi sijui, na nadhani hakuna anayejua. Tangi ambalo halikupasuka halina ushahidi. Siku hizi pale shuleni pana matangi ya plastiki meusi, mepesi, hayaimbiwi na hakuna mtoto anayejifunza kutembea kwa kuyashika. Maji yake ni yale yale. Nayashukuru. Ila nikipita huwa natazama lile duara la zege lililobaki ardhini, na nasikia karai zikigongana.

Watu wameniuliza hapa Korogwe nasemaje kuhusu hizi akili za kwenye simu, kwamba zitawamaliza mafundi, au kwamba ni za kudanganya watu. Mimi nina kisa hicho kimoja tu, na ndani yake simu haikudanganya hata mara moja. Mara ya kwanza ilisema kweli juu ya chokaa, mara ya pili ikasema kweli juu ya ukuta. Ilikosea kwa mchwa, ikakosea kwa kisigino, lakini hata fundi hukosea. Fundi mwenyewe aliipenda. Alinunua simu kubwa, akajifunza kuweka rula na kupiga picha ya ufa mahali pale pale kila mwezi, akimtumia yule binti, kwa sababu alisema picha moja inakwambia ulivyo na picha nyingi zinakwambia unakokwenda, na kwamba hicho ndicho kioo chake, ila hiki kinaweza kusafiri. Mimi pia alinitumia, za nyumba za watu, bila salamu wala maneno. Nilizoea. Kuna mwezi haikuja nikampigia kuuliza kama mzima.

Nilikwenda mazishini. Binti alikuja pia, akakaa nasi kwenye mkeka, akamenya vitunguu, akalia zaidi ya baadhi ya ndugu. Makaburini hatukwenda, wanawake hatuendi, lakini mume wangu alinisimulia. Wakati wa kupanga mbao juu ya marehemu na kuziba mianya kwa udongo, yule mzee aliyemtania kuhusu kisigino alisimama ukingoni akawaambia vijana wazibe vizuri, wasipake juujuu, maana mwenye kazi yumo ndani na ataanza kusugua. Mume wangu anasema kila mtu alicheka, na aliyecheka sana ndiye ilibidi ashikwe asianguke.

Nimejaribu kupata funzo kubwa, kwa kuwa safu ya namna hii hutarajiwa iwe nalo, na nimepata dogo. Tunapendana kwa kupakana chokaa. Ni mapenzi ya kweli, siyabezi, mimi nimekulia humo. Lakini mtu mmoja alitupenda zaidi ya hapo, akakubali tumwone alivyo, ili watoto wasikae chini ya ukuta ambao kila mtu anausifu. Sijui kama ningeweza. Sidhani kama ningeweza mbele ya wajukuu.

Nimerudi nyumbani jana. Leo, baada ya manyunyu kukatika, nimemwita mume wangu tukalivuta kabati la vyombo lililosimama pale jikoni tangu tulipohamia, na nyuma yake ufa upo, kama nilivyojua upo. Nimetafuta kioo cha zamani, mume wangu akakata kipande, tukakilaza juu ya ufa. Kwa kuwa saruji ya kukishikia haijakauka na kabati limeziba njia, jioni tumekula uani: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na dagaa kidogo.